Maandalizi ya kuanza shule ya awali katika kituo kimoja cha Uyole, Mbeya: tathmini ya mzazi

Sare, sweta, viatu vyeusi na begi la shule hupatikana Mbeya bila taabu. Mzazi mwenye fedha anaweza kuzunguka Mwanjelwa asubuhi moja na kurudi nyumbani na kila kitu kilichoandikwa kwenye fomu ya kujiunga. Kinachokosekana ni mtu wa kumwandaa mtoto mwenyewe, ambaye wiki chache kabla ya Januari huwa na hamu na hofu kwa pamoja. Kituo kimoja cha kulelea watoto wadogo mchana, kilichopo upande wa Uyole, kinatoa huduma ya aina hiyo, nami nimeitumia kwa ajili ya binti yangu aliyekuwa anaingia darasa la awali katika shule ya serikali. Naitathmini kwa urefu kwa sababu wazazi wengi hawajui kuwa ipo, na kwa sababu baadhi ya yanayofanyika pale yanaweza kufanywa na shule yoyote na nyumba yoyote pasipo kulipa chochote. Jina la kituo silitaji kwa ombi la mwenye kituo, ambaye hataki kupokea watoto wengi kuliko anaoweza kuwahudumia.

Huduma huendeshwa kwa wiki mbili za Desemba, shule zikishafungwa, kuanzia saa 2:30 hadi saa 5:30 asubuhi. Kikundi kimoja huwa na watoto wasiozidi 15 chini ya walimu wawili, na ada ni shilingi 40,000, uji ukiwamo. Januari, wiki chache baada ya shule kufunguliwa, watoto na wazazi huitwa tena Jumamosi moja. Jambo lililonivutia tangu mwanzo ni kwamba mtoto halazimiki kuwa mwanafunzi wa kituo hicho baadaye; katika kikundi cha binti yangu walikuwamo watoto waliokuwa wanakwenda shule za serikali, wengine shule binafsi za mchepuo wa Kiingereza, na mmoja aliyekuwa anahamia Iringa pamoja na wazazi wake.

Hitaji la huduma hii limekua kadiri elimu ya awali ilivyopewa nafasi yake. Tangu Januari 2016 ada ilipoondolewa katika elimumsingi ya serikali, watoto wengi zaidi wameandikishwa, na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imeuweka mwaka mmoja wa awali mwanzoni mwa mfumo wa elimu, kabla ya miaka kumi ya elimu ya lazima. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024, na darasa la awali lilikuwa miongoni mwa madarasa ya kwanza kuupokea. Haya yote ni mema. Hata hivyo, mtoto wa miaka mitano anayefikishwa langoni asubuhi ya kwanza hajui lolote kuhusu sera. Anachoona ni uwanja mkubwa, watoto wakubwa wanaokimbia, na mama anayeondoka.

Msingi wa huduma hii, kama mwalimu kiongozi alivyoueleza kwenye kikao cha kwanza cha wazazi, ni kwamba mtoto asilazimishwe kuchagua kati ya furaha na hofu. Wazazi wengi, kwa nia njema kabisa, hutaka kusikia kwamba mtoto anafurahi, na wakisikia kwamba anaogopa humpa sababu kumi za kutoogopa. Mtoto hujifunza haraka kuwa hofu yake haipokelewi, hivyo huificha, kisha humtoka asubuhi ya kwanza kwa kilio ambacho kila mtu hukishangaa kwa kuwa jana yake alikuwa akilala na begi lake kitandani. Nimeliona hilo kwa watoto wa ndugu na wa majirani, na naamini ndilo jambo ambalo kituo hiki kimelielewa vizuri kuliko sehemu nyingine zote nilizotembelea.

Jambo hili limechunguzwa kitaalamu pia. Mwanasaikolojia Susan Harter wa Marekani, aliyefanya utafiti wake katika miaka ya 1980, alionyesha kuwa watoto wa miaka minne hadi sita kwa kawaida hukataa kwamba mtu anaweza kuwa na hisia mbili kwa wakati mmoja. Ukiwauliza watasema mtu ama amefurahi ama ameogopa. Wakikua kidogo husema hisia moja hutangulia na nyingine hufuata, na uwezo wa kueleza hisia mbili zinazopingana kuhusu jambo lilelile huja baadaye sana, mtoto akikaribia au akipita miaka kumi. Kushindwa kueleza si kutohisi, na hapo ndipo mtu mzima anapohitajika.

Kwa sababu maneno hayatoshi katika umri huo, walimu wa kituo hiki hutumia vifuniko vya soda na makopo mawili. Kopo moja limechorwa uso wenye macho makubwa ya hamu, la pili uso ulioinamisha mdomo kwa woga. Kila asubuhi mtoto hupewa vifuniko kadhaa na kuambiwa avigawe kama anavyojisikia kuhusu shule. Hakuna jibu sahihi, na mwalimu hasemi "vizuri" mtoto anapoweka vingi kwenye kopo la furaha, jambo ambalo nililiangalia kwa makini kwa kuwa ni rahisi sana kuteleza hapo. Anachofanya ni kuuliza swali moja kwa kila kopo: "Hiki cha hapa ni cha nini, mwanangu?" Mtoto akisema hajui, mwalimu huacha. Binti yangu siku ya kwanza alijaza kopo la hamu tu, huku akinishika sketi. Baada ya siku chache alianza kugawa, na siku moja alisema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba hiki ni cha kucheza na wenzake na hiki ni cha choo.

Choo kinastahili maelezo marefu, maana katika kikundi kile karibu nusu ya watoto walikitaja kwa namna moja au nyingine, na sijawahi kuona fomu ya kujiunga na shule inayokigusa. Mtoto aliyezoea poti au choo cha ndani hukutana shuleni na choo cha shimo chenye giza, harufu, mlango mzito, na foleni ya watoto wakubwa wanaogonga. Anaogopa kutumbukia. Anaogopa mlango ukijifunga hatatoka. Wengine hujizuia mchana kutwa na kurudi nyumbani wakiwa wamejikojolea, kisha huchekwa, na kesho yake hawataki kusikia habari za shule. Mzazi hudhani mtoto amechukia masomo. Kituo kina choo cha shimo kilichojengwa vizuri, na walimu huwapeleka watoto mmoja mmoja, mlango ukiwa wazi kwanza, kisha ukiegeshwa, kisha ukifungwa na mwalimu akiimba nje ili mtoto amsikie. Huwafundisha kufungua vifungo na kuvuta kaptula au sketi wenyewe, na kusema waziwazi mbele ya mtu mzima, "Shikamoo mwalimu, naomba kwenda chooni." Watoto kadhaa hawakuwahi kuthubutu kutamka sentensi hiyo kwa mtu asiye wa nyumbani. Wakati wa kuondoka kila mmoja wao aliweza, na kwangu mimi hilo peke yake limelipa ada.

Kengele nayo imefikiriwa. Katika shule zetu nyingi kengele ni rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini na kugongwa kwa chuma, na mlio wake unaweza kumshtua mtoto ambaye hajaambiwa. Kituo kimening'iniza rimu yake, na watoto huigonga kwa zamu hadi mlio unapokuwa wa kawaida masikioni mwao. Mvua pia: Desemba na Januari huku kwetu ni miezi ya mvua, na mvua kubwa juu ya paa la bati huzima sauti ya mwalimu kabisa. Siku moja ilinyesha hivyo nikiwa pale. Watoto wawili walianza kulia, na mwalimu, ambaye hakuweza kusikika, alianza kupiga meza kwa vidole taratibu, kisha kwa viganja, akifuata kasi ya mvua, hadi darasa zima likawa linapiga meza. Sidhani kama mbinu hiyo imeandikwa kwenye mwongozo wowote. Ilitoka kwa mtu anayewajua watoto wa nyanda za juu na mvua yao.

Sehemu ninayoiona kuwa kiini cha huduma yote ni namna wanavyofundisha kuagana. Kanuni yao ni moja na haina msamaha: mzazi haruhusiwi kutoroka. Wengi wetu tumelelewa kwa desturi ya mtoto kushughulishwa na andazi au mdoli huku mama akipita mlango wa nyuma, na desturi hiyo hupunguza kelele kwa dakika chache, lakini humfundisha mtoto kwamba akigeuza macho tu mtu wake hutoweka, hivyo kesho yake hageuzi macho tena. Mary Ainsworth, mtafiti aliyewachunguza akina mama na watoto wachanga katika vijiji vya karibu na Kampala, Uganda, kati ya mwaka 1954 na 1955, aliona kwamba mtoto mwenye uhakika na mama yake ndiye anayethubutu kumwacha akaenda kuchunguza vitu, kisha akarudi kumgusa, kisha akaenda tena. Uhakika huo haupatikani kwa mtu anayetoweka bila kuaga.

Utaratibu wa kituo ni huu. Siku mbili za mwanzo mzazi hukaa kwenye benchi nyuma ya darasa, bila kumfundisha mtoto wala kumwita, akiwa pale tu. Siku ya tatu hukaa barazani, mahali anapoonekana mlango ukifunguliwa. Siku ya nne huaga na kuondoka kwa nusu saa, na muda huo huongezwa kufuatana na hali ya mtoto. Unafanana sana na utaratibu wa kuzoesha watoto ulioanzia Berlin, Ujerumani, miaka ya 1980, ambao pia humweka mzazi ndani kwa siku tatu za kwanza na kufanya jaribio la kwanza la kutengana siku ya nne. Kuaga kwenyewe ni kufupi na hakubadiliki: mzazi anachuchumaa, anamwambia mtoto anakokwenda na atakaporudi, wanagusanisha viganja, anaondoka bila kugeuka mara tatu. Muda wa kurudi hautajwi kwa saa, kwa kuwa mtoto wa umri huo hajui saa. Hutajwa kwa mambo yanayofuatana ukutani, ambako kuna picha za kunawa mikono, uji, hadithi, kucheza nje, na mwisho mtu mzima amesimama langoni. Mama anarudi baada ya kucheza nje, na mtoto anaweza kwenda ukutani kuhesabu picha zilizobaki. Mzazi akichelewa, hupigiwa simu mara moja, na mwalimu kiongozi hana upole katika simu hiyo. Ni haki yake, maana ahadi ikivunjwa wiki ya kwanza, kazi yote ya makopo na vifuniko inarudi nyuma.

Kwenye mfuko wa kila mtoto hushonwa kipande kidogo cha kanga au kitenge cha mama, au cha bibi kama ndiye anayemlea. Daktari wa watoto Donald Winnicott wa Uingereza aliandika mwaka 1953 kuhusu vitu laini ambavyo watoto hung'ang'ania wanapoanza kutengana na mama, na jinsi vinavyowasaidia kuvuka. Kwetu kanga ndiyo iliyombeba mtoto mgongoni, kwa hiyo kipande hicho kinamfaa kuliko mdoli wowote wa dukani. Hitilafu niliyoiona ni kwamba kipande kimoja tu hakitoshi. Mtoto mmoja alipoteza chake kwenye nyasi na asubuhi yake yote ikaharibika, na kituo hakikuwa na akiba. Mzazi atakayepeleka mtoto na aandae vipande viwili vya nguo ileile.

Vikao vya wazazi, ambavyo ni viwili katika wiki hizo, vina thamani inayokaribia ile ya darasa lenyewe. Mwalimu kiongozi huwaomba wazazi waseme kwa sauti maneno wanayowaambia watoto wao kuhusu shule, kisha huyachambua bila kumwaibisha mtu. Tulisikia mengi tunayoyajua: "Subiri uende shule, mwalimu atakunyoosha." "Mtoto wa kiume halii." "Wenzako wote wanafurahi, wewe una nini?" "Ukilia nakuacha hukohuko." Kila sentensi kati ya hizo humfanya mwalimu kuwa adui au humfanya mtoto aone kwamba hisia yake ni kosa. Badala yake wazazi hufundishwa kusema mambo mawili katika sentensi moja na kuyaunganisha kwa "na": unatamani kucheza na wenzako na unaogopa nitakapoondoka. Huepuka "lakini," kwa sababu mtoto akisikia "lakini" hujua kwamba nusu ya kwanza imefutwa. Nilijaribu hilo nyumbani na kuona tofauti upesi. Binti yangu aliacha kubishana nami kuhusu kama anaogopa au haogopi, akaanza kunieleza anaogopa nini.

Kilichonisikitisha katika vikao hivyo ni uchache wa akina baba. Kituo huandika "wazazi" kwenye karatasi ya mwaliko, kisha hupanga kikao saa tatu asubuhi siku ya kazi, na wanaofika ni akina mama, mabibi na dada wa nyumbani. Baba wa mtoto ndiye mara nyingi anayetoa kauli ya mwisho kuhusu kilio cha mtoto wa kiume, na kumwacha nje ya mazungumzo haya ni kupoteza nusu ya faida. Kikao kimoja kihamishiwe Jumapili alasiri, baada ya ibada.

Kuhusu lugha, nataka kutaja jambo ambalo huenda wazazi wa mjini wasilione kuwa kubwa. Katika kikundi chetu alikuwamo mtoto aliyelelewa na bibi yake huko Rungwe na kuletwa mjini kwa wazazi mwezi uleule. Kiswahili chake kilikuwa kichache, na kwa siku za mwanzo alikaa pembeni bila kutoa neno. Mwalimu mmoja, ambaye ni mzaliwa wa Tukuyu, alichuchumaa akamsalimu kwa Kinyakyusa: "Ugonile?" Mtoto alimtazama kwa muda mrefu, kisha akaanza kuongea bila kukoma, na mengi ya aliyosema yalihusu bibi, migomba na ndama. Elimu ya awali katika shule nyingi za serikali hutolewa kwa Kiswahili, na ni sawa iwe hivyo, ila mtoto anapolia kwa hofu anahitaji kwanza kufarijiwa kwa lugha aliyobembelezewa. Kituo kinastahili sifa kwa kuwa na walimu wanaoweza kufanya hivyo kwa Kinyakyusa na Kisafwa, na kwa kutoliona jambo hilo kuwa la aibu.

Kwa upande wa upungufu, mambo matatu yanahitaji kusemwa wazi. La kwanza ni muda wa mzazi. Siku tatu za kukaa na mtoto ni jambo jema kwa aliyeajiriwa na anayeweza kuomba ruhusa, lakini mama anayeuza viazi au parachichi sokoni hupoteza kipato cha siku tatu, na kipato hicho kinaweza kuzidi ada yenyewe. Kituo kinakubali mlezi mwingine aliyezoeleka na mtoto, awe bibi, shangazi au kaka mkubwa, na wazazi wengi hawaambiwi hilo hadi wanapouliza. Liandikwe kwenye fomu.

La pili ni pipi. Mtoto aliyekaa bila kulia wakati wa kuagana hupewa pipi mwisho wa kipindi, na jambo hili linapingana moja kwa moja na kila kitu kingine kinachofanyika pale. Makopo yanamwambia mtoto kwamba hofu yake inapokelewa, halafu pipi inamwambia kwamba hofu yake inamnyima zawadi. Nililitaja kwa mwalimu kiongozi, akasikiliza kwa heshima, akasema watalizungumza. Hadi Jumamosi ya Januari pipi zilikuwa bado zinatolewa. Kwa huduma iliyofikiriwa kwa kina namna hii, doa hilo linaumiza.

La tatu ni kubwa kuliko yote, ingawa si kosa la kituo peke yake. Mtoto anaandaliwa katika kikundi cha watoto 15 na walimu wawili, kisha anapelekwa katika darasa ambalo linaweza kuwa kubwa mara kadhaa kuliko kiwango cha watoto 25 kwa mwalimu mmoja kilichowekwa kwa elimu ya awali nchini. Kuna hatari ya kumzoesha mtoto mahali patulivu, halafu kumwachia mahali penye kelele. Kituo kingeweza kupunguza pengo hilo kwa kuwapeleka watoto kutembelea shule halisi wanazokwenda, hata mara moja tu, au kwa kuandika ukurasa mmoja kwa mwalimu wa awali wa shule husika unaoeleza kinachomtuliza mtoto huyu na kinachomtisha. Hakuna kati ya hayo linalofanyika kwa sasa. Mimi niliandika ukurasa huo mwenyewe na kumkabidhi mwalimu wa darasa la binti yangu siku ya kuandikisha. Aliupokea vizuri, akauliza maswali mawili, akaukunja na kuuweka ndani ya daftari la mahudhurio.

Matokeo ya Januari yalikuwa ya kawaida, na nayaeleza bila kuyaremba kwa kuwa mzazi anayelipa fedha anastahili kujua anachonunua. Binti yangu alilia langoni katika siku za mwanzo. Alilia akiwa amenishika mkono, akasema anataka kuingia na hataki kuingia, tukagusanisha viganja, akaingia akiendelea kulia, na kwa maelezo ya mwalimu alinyamaza kabla ya kengele ya pili. Alitumia choo tangu siku ya kwanza. Mabadiliko yaliyonishangaza yalikuwa ya jioni: alirudi mpole, akala, kisha akalipuka kwa hasira kwa sababu ya kijiko au kandambili. Kituo kilikuwa kimetuonya kuhusu hilo, kwamba mtoto aliyejizuia mchana kutwa mbele ya wageni huziachia hisia zake nyumbani, mahali anapojua hatafukuzwa, na kwamba dawa yake ni chakula, kupumzika na kimya kabla ya maswali. Maswali yenyewe tulishauriwa yawe madogo: mmecheza mchezo gani, uliketi karibu na nani, uji ulikuwa wa nini. Mtoto anayeulizwa kila siku kama amefurahi huanza kutoa jibu linalotakiwa.

Tulielezwa pia kwamba kukojoa kitandani, kunyonya kidole au kung'ang'ania mlezi vinaweza kurudi kwa muda kwa mtoto aliyekwishaviacha, na kwamba kwa watoto wengi mambo hutulia ndani ya wiki chache. Hofu kali ya kutengana ikidumu wiki nne au zaidi, mtoto akikataa kula, akiumwa tumbo kila asubuhi ya shule na kupona siku za mapumziko, au akianza kukosa usingizi, mzazi ashauriwe na afisa ustawi wa jamii au wahudumu wa afya ya akili ya watoto. Nathamini kwamba kituo kinajua mpaka wa kazi yake. Pia mzazi asisahau kuchunguza kwanza kama kuna jambo halisi linalomtisha mtoto shuleni, kama vile mwenzake anayempiga au mtu mzima anayemtendea vibaya, kabla ya kuhitimisha kuwa ni kuzoea tu.

Kuhusu mazingira, sina mengi ya kusema. Darasa ni safi, uzio upo, maji ya kunawa yapo, uji ni wa lishe na wa kutosha. Asubuhi za Uyole ni baridi na sakafu ni ya saruji tupu, hivyo mtoto avae soksi nzito na sweta, na apewe nguo za kubadilisha. Nyimbo za Kiingereza ni nyingi kuliko inavyohitajika kwa watoto ambao wengi wao wanakwenda kwenye darasa la Kiswahili.

Naipa huduma hii alama nne kati ya tano, na alama iliyobaki nitaiongeza siku pipi zitakapoondolewa na ziara ya shule halisi itakapoanza. Inamfaa zaidi mtoto ambaye hajawahi kukaa nje ya nyumbani, aliyehama karibuni, aliyezaliwa pekee au aliyepata mdogo wake mwaka huohuo. Mtoto aliyekwishakaa kituoni tangu miaka mitatu haihitaji sana, na mzazi wake anaweza kutumia fedha hiyo kwa mahitaji mengine huku akifanya nyumbani zoezi la makopo, la choo na la kuagana.

Nafasi za Desemba huanza kutolewa Novemba na hujaa upesi, kwa hiyo ni vyema kufika mapema na mtoto mwenyewe, maana mwalimu kiongozi hamwandikishi mtoto asiyemwona. Mzazi abebe cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki, namba za simu za watu wawili wanaoruhusiwa kumchukua mtoto, na kanga ya kukatwa, ambayo iwe imeshavaliwa na haijafuliwa siku hiyo. Malipo hupokelewa kwa awamu mbili kwa anayeomba, na risiti hutolewa. Kabla ya kuandikisha katika kituo chochote kingine kinachotoa huduma ya namna hii, mzazi aombe kuona usajili wake kutoka ustawi wa jamii, kisha aulize kwa uwazi kama walimu wake huwaruhusu wazazi kutoroka.